Vumilia Hajafa, Rudini Kwenu

Jumatano, 22 Januari

Sombe, majani yetu ya mhogo, iko motoni tangu asubuhi. Lifti imekufa tena. Nimepanda ngazi na mifuko ya sokoni, nimepumzika kila kona na kuitukana lifti kila kona. Baridi ya London, hapa Walthamstow, leo inauma meno. Nimepata samaki wadogo. Si sambaza wa ziwa letu. Nitawala hivyo hivyo.

Sauti ya mdogo wangu Vumilia imeingia kwenye simu. Watu waliokimbia vita Sake wamejaa Goma, mji wetu, na magodoro kichwani. Amewapokea wengine nyumbani kwake. Kila siku anaandika yanayotokea mtaani. Mwalimu mstaafu, kalamu haimtoki. Ameniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, na wewe andika. Siku tukionana tutasomeana."

Basi naandika. Mimi sikwenda shule. Nilibaki nyumbani kubeba watoto, mdogo wangu akaenda. Jioni alirudi akanifundisha herufi kwa kipande cha mhogo mkavu, juu ya jiwe jeusi la volkano. Herufi zangu mpaka leo ni kubwa kama mihogo. Sijali.

Ijumaa, 24 Januari

Mabomu yamekaribia. Goma haina umeme. Haina maji. Jirani ya Vumilia, Baba Kasereka, anasukuma chukudu lake, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mpaka ziwani, anarudi na mabidoni ya maji kwa nyumba zote, hata za wale wasiomsalimia.

Nimemwambia Vumilia atoke. Kanijibu atoke aende wapi, barabara zimefungwa. Nimekasirika. Halafu nikaona hasira yangu haina pa kwenda. Nimesugua sufuria zote. Hata zilizokuwa safi.

Jumapili, 26 Januari

Kanisani nimeomba kwa sauti mpaka mchungaji akaacha kuomba ya kwake.

Vumilia analala sakafuni, kwenye korido, yeye na watoto wa wageni. Pale kuna kuta mbili kati yao na masasi. Karatasi zimemwishia. Anaandika ukutani kwa makala, vipande vya mkaa, na watoto anawafundisha herufi humo humo. Anasema mlio ukija, wanasoma kwa sauti zaidi. Huyo ndiye mdogo wangu. Hakuna jeshi linaloweza kumnyamazisha. Mimi nilishindwa.

Jumatatu, 27 Januari

Nimesukuma makochi yote ukutani. Nimetandika mkeka katikati ya sebule. Nitalala chini mpaka Vumilia alale kitandani.

Neema, mjukuu wangu, anaelewa kila neno langu na kila neno ananijibu kwa Kiingereza. Kasema nitavunja kiuno. Nimemwambia kiuno ni changu. Akaondoka amenuna, akarudi na mto na blanketi lake, akajilaza kando yangu. Miguu yake barafu tupu. Nampenda mtoto huyu mpaka nataka kumfinya.

Simu ya Vumilia haipatikani.

Jumanne, 28 Januari

Haipatikani.

Kiuno kimevunjika. Sitamwambia Neema.

Jumatano, 29 Januari

Nina hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi Mama Sifa wa ghorofa ya chini kaniletea unga. Akachungulia sebuleni. Akaona makochi ukutani, mkeka chini, mimi na kitenge kichwani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akaweka unga mlangoni, akaondoka kimya. Mama Sifa, kimya! Hapo ningepaswa kushtuka. Kwetu makochi yakienda ukutani na mkeka ukatandikwa, nyumba ina msiba. Mimi mwenyewe nimeyasukuma kwa misiba ya watu, tena si mara moja. Sikuwaza kabisa.

Alasiri wakaja. Wanawake wa kanisa wote, na mchungaji. Viti vya plastiki, masufuria ya wali na kuku, katoni za soda. Mama Sifa mbele, akajitupa sakafuni kwangu.

"Vumilia wee! Umetuacha na nani!"

Hajawahi kumwona Vumilia hata siku moja.

Nikauliza nani kafa. Wakatazamana. Mchungaji akaniambia polepole, kama anaongea na mgonjwa, "Pole, mama. Jipe moyo, kubali."

"Nikubali nini? Nani amewapa habari? Vumilia hajafa. Rudini kwenu! Na wewe, Mama Sifa, inuka, unanichafulia mkeka."

Wakasimama pale na masufuria yao, hawajui macho wayaweke wapi. Nikasikia harufu ya kuku. Nikakumbuka lifti. Mizigo yote ile wameipandisha kwa ngazi, kwa ajili ya mdogo wangu wasiyemjua. Nikawaambia haya, kaeni mle, ila atakayelia namtoa nje.

Wakala. Hakulia mtu. Walipoondoka nilifungua bomba la bafuni nikalia mimi.

Ijumaa, 31 Januari

Haipatikani. Habari ya kifo imeshaenea kwenye simu mpaka Ubelgiji. Rambirambi zinaingia, na kila moja nairudisha: hajafa. Sina ushahidi. Sihitaji. Nalala chini, na atapiga.

Jumapili, 2 Februari

Amepiga.

Nilikuwa kituo cha basi, natoka kanisani. Hakunisalimia.

"Yaya, nani kaniua?"

Simu yake imewaka, kitu cha kwanza kusoma ni rambirambi zake mwenyewe. Nikacheka, nikalia, nikacheka. Basi likaja, nikaliacha liende.

"Mama Sifa ndiye aliyekuua."

"Simjui. Mlipika nini?"

"Wali na kuku."

"Mimi nakula maharage bila chumvi, ninyi mnakula kuku wangu!"

Kisha sauti yake ikashuka. Mji umeshikwa na wale waliouzunguka. Milio imepungua. Lakini Baba Kasereka hayupo. Alikwenda kuchota maji, chukudu likarudi linasukumwa na mtu mwingine. Walimzika haraka haraka. Matanga hayakukaliwa. Nani angekaa? Mtaa mzima ulikuwa umelala kifudifudi. Mke wake hakupata hata wa kumshika mkono. Vumilia kaandika jina lake juu kabisa ya ukuta wa korido, mahali ambapo mikono ya watoto haifiki kulifuta.

Halafu akauliza, "Makochi bado yako ukutani?"

"Yako."

"Basi waite tena, Yaya."

Jumanne, 4 Februari

Nimeshuka kwa Mama Sifa. Alinifungulia mlango ameinamisha kichwa. Nimemwambia aje Jumamosi na wenzake, safari hii maiti yupo. Nikamweleza ni nani. Akakaa kwenye ngazi akalia polepole, bila kumwita mtu. Nikakaa naye. Mwanamke huyu ana moyo mkubwa na mdomo unaoutangulia. Nimemsamehe. Sijamwambia bado, acha ajisikie vibaya mpaka Jumamosi.

Jumamosi, 8 Februari

Wamekuja. Viti vile vile, masufuria yale yale. Hakuna aliyejitupa chini.

Vumilia alikwenda kwa mjane akamshikia simu sikioni. Tukamwimbia wimbo mmoja. Tulipomaliza tukasikia anapumua tu. Mama Sifa akamwambia, "Pole, mama. Tumekaa hapa kwa ajili ya mume wako." Hakuongeza neno. Mjane akataka kujua tuko wangapi. Tukajitaja mmoja mmoja, kila mtu jina lake, mpaka Neema. Akasema asante kwa kila jina.

Wameondoka na vyombo vyao. Vumilia anasema tangu juzi analala kitandani, na kitanda kinamuumiza mgongo. Hana shukrani hata kidogo. Namshukuru Mungu.

Mimi na Neema tumerudisha makochi. Yamekaa palepale penye alama zake za zamani kwenye kapeti. Mkeka nimeukunja nikauweka nyuma ya mlango.

Nimeliandika jina lake hapa, Baba Kasereka. Kwa herufi zangu limekula mistari miwili. Sombe iko motoni.