Ini Walilolishika Mikononi

Ugonile, mjukuu wangu Atupele.

Huku Lufingo migomba imezaa vizuri, ila mimi nina hasira. Unauliza kama ni dhambi mwanao Lusajo kuwekewa ini na utumbo wa mtoto aliyefariki, maana wazee wa ukoo wamekukataza, eti tumbo la maiti halipasuliwi.

Tangu lini? Mdogo wangu alipokufa, macho ya njano kama ya Lusajo, baba za hao wazee walimpasua wakitafuta uchawi. Niliona ini lake mikononi mwao. Halikumponya mtu. Walilitumia kumfukuza mama yangu, eti ndiye mchawi.

Kupasua ili walaumu ni mila, kupasua ili mtoto apone ni mwiko?

Kubali. Nami huku nitamkalia matanga huyo mtoto anayempa Lusajo ini, na wazee wako wasikanyage.

Bibi yako