Sarafu ya Sura ya Hawe Mbodze

Cynthia, wewe! Mwambire kauza pikipiki akanunua ile sarafu ya mtandaoni yenye sura ya bibi yake, Hawe Mbodze!

Sura ileile ya stika tunayotumiana kwenye simu! Hawe alivyokunja uso kwenye mahari ya Zipporah, alipoonja pombe ya mnazi iliyotiwa maji. Ile ya kumwambia mtu, "Hapo unadanganywa."

Basi leo sarafu imeporomoka. Mwambire mbio mpaka Ganze, kumlilia bibi akunje uso tena apigwe picha mpya, eti bei ipande.

Akunje uso TENA, Cynthia!

Hawe kamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza:

"Mjukuu wangu, mimi niliukunja uso ule ili watu wasinywe. Wewe ukauona, ukanunua mtungi mzima?"