Ufa Ndani ya Ekseli

Kaka Kipriani,

Mwakeye! Huku chuoni Ulaya baridi inauma, na maharage yao hayaoni ndani kwa yale ya Kasulu.

Kile kipande cha ekseli ya Fuso yako, ulichookota baada ya ajali, nimekiweka kwenye mashine yetu kubwa kama uwanja wa mpira. Eksirei zake hupenya chuma. Ufa ulianzia katikati kabisa, penye uchafu ulioingia chuma kilipoyeyushwa. Hukuikosea ile kona, kaka. Umejitesa bure.

Wifi Deborah ananiambia mguu wake ulioumia kwenye ajali umepona, anataka kurudi kuuza vitenge Manyovu, ila wewe hutaki kushika usukani. Picha nimeituma. Itazame, halafu mpeleke mkeo sokoni. Mizigo ameshaifunga.

Mdogo wako,
Maximilla