Hodi Niliyoinyamazia

Kariobangi, Nairobi
Jumapili asubuhi

Kwa mama yangu,

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta umeamka salama na goti halikusumbui kwa baridi hii ya alfajiri. Bibi anaendeleaje na macho yake? Yule mbuzi mweupe amekwisha kuzaa, au bado mnamngojea? Mimi kwa mwili ni mzima. Kwa mengine nitakueleza, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati. Simu uliikata kabla sijafika mahali penyewe, na tangu hapo huipokei. Sikulaumu. Ila barua haikatiki, na ukiiweka chini utaikuta ulipoiacha.

Nimefungua daftari langu la kila siku hapa mezani, lile ulilokuwa ukinitania kwamba naandika hata nimekula nini, ili nisichanganye kilichotangulia na kilichofuata.

Nilikuambia kwamba mtihani wa mwisho wa mwaka huu nitaufanya nyumbani, hapa hapa chumbani kwangu, na nikakutajia siku: Alhamisi. Sikukueleza unafanywaje. Niliona ni mambo ya mashine yatakayokuchosha. Sasa naona hilo ndilo lililotufikisha hapa.

Unakaa mbele ya laptopu, na kamera yake inakutazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwanza unaizungusha chumba kizima, chini ya meza, juu ya dari, nyuma ya pazia, waone kwamba uko peke yako. Chochote chenye maandishi kinaondolewa ukutani. Niliteremsha kalenda, nikateremsha na ile picha ya marehemu baba kwa sababu ya maneno yaliyo chini yake, nikafunika kioo kwa leso. Masikio lazima yaonekane, wajue hujaficha kifaa cha kusikilizia. Niliomba nikaguliwe na mwanamke, wakakubali, nikamwonyesha nikajifunika tena, kwa hiyo kwa hilo usiwe na wasiwasi. Baada ya hapo huruhusiwi kusimama, huruhusiwi kutazama pembeni, na huruhusiwi kutoa sauti. Pembeni mwa skrini kuna duara dogo la kijani. Likisikia kitu linakuwa la manjano. Ukisema neno linakuwa jekundu, na mtihani unafungwa.

Mimi nilikuwa na shida ambayo wenzangu hawana. Nasoma kwa midomo, mama, kama ulivyonifundisha juzuu nikiwa mdogo, na programu ikiona midomo inacheza inadhani nazungumza na mtu. Mwezi mzima, nikirudi kutoka kazini dukani Umoja, nilisoma huku nimebana kijiti cha ufagio kati ya midomo. Kikianguka, naanza ukurasa upya. Mwishowe hakikuanguka tena.

Jumatatu chuo kilitupa mtihani wa majaribio. Nilikuwa katikati, Mama Wambui wa mlango wa pili akaja kuomba kiberiti. Akapiga hodi kama kawaida. Nami, kabla akili haijafika, nikasema, "Karibu!" Duara likawa jekundu, skrini ikafunga. Wewe ndiwe uliyenilea mama, unajua hodi haiwazwi kichwani. Inajibika yenyewe.

Siku ile nilizunguka ploti nzima, kwa wapangaji wote. Nilianza na mafundi wa sufuria walio chini yetu, ambao nyundo zao huanza asubuhi na hazinyamazi. Ochieng, mkubwa wao, alinisikiliza akiwa amekalia debe.

"Zuu, hiyo ni mtihani ama ni kesi?"

"Ni mtihani, Ochieng."

"Sasa sisi tukinyamaza, si hii mtaa itadhani tumekufa?" Vijana wake wakacheka. Kisha akasema, "Wewe piga paper yako. Alhamisi tutapaka rangi. Rangi haina kelele."

Mama Wambui naye alipoona kioo kimefunikwa alishika mdomo. "Kwani umefiwa?" Nilipomweleza, akajipa kazi mwenyewe: atakaa kwenye ngazi na mboga zake, achambue sukuma wiki pale pale, asipite mtu.

"Na mtu akikuuliza?"

"Mwambie siko."

"Na akiwa ni mwenye ploti?"

"Huyo hasa ndiye umwambie siko."

Tulicheka sana. Nakuandikia hili ujue sikujifungia kwa dharau. Niliwaambia wote, mpaka muuza maji. Sikuwaambia nyinyi tu, maana nyinyi mko Voi, na sikuwaza hata kidogo kwamba hodi inaweza kutoka huko.

Alhamisi Ochieng alitimiza ahadi. Ploti ilikuwa kimya hata nikaogopa. Nikaanza vizuri. Maswali mawili ya kwanza niliyajua. Nilikuwa nimefika la tatu niliposikia hatua kwenye ngazi, nzito, za mtu anayepumzika kila kituo. Kisha sauti ya Mama Wambui.

"Hayuko, mzee. Ametoka."

"Ametoka? Na viatu vyake hivi hapa?"

Mama, nilikagua chumba kizima kwa ajili ya ile kamera, nikasahau nje ya mlango. Akala zangu za mpira wa tairi, nilizonunua Kariokor, zilikuwa pale kizingitini, zile zenye kamba nyekundu. Yeye mwenyewe alizicheka Idi iliyopita, akasema mtoto wa mjini anavaa gurudumu. Alizitambua mara moja, nami nikamtambua yeye.

"Asalaam aleikum," Baba Mkubwa akasema mlangoni. "Hodi."

Duara likawa la manjano.

"Hodi humu ndani."

Nilikuwa nimekaza macho kwenye swali la tatu, nikiona herufi tu.

"Zuhura. Ni mimi, baba yako. Hodi."

Unajua kwamba tangu tumzike baba hajawahi kujiita baba mkubwa kwangu. Ndiye aliyeuza ng'ombe nikaenda sekondari. Ndiye aliyekuja shuleni nilipougua, akalala nje ya bweni kwenye benchi mpaka kukakucha. Huyo alikuwa upande wa pili wa mbao, hatua moja kutoka kwangu, nami midomo yangu haikutikisika. Salamu yake niliijibu moyoni. Najua unavyosema kuhusu salamu za moyoni. Ningetaka kukuambia nililia, au nilikaribia kusimama, lakini nakuandikia ukweli: nilikaa. Nilikuwa nimejizoeza vizuri mno.

Alipoona kimya baada ya hodi ya tatu, hakubisha tena. Lakini hakuondoka hapo hapo. Hili sidhani aliwaambia, kwa hiyo nisikilize. Alisimama pale pale akaniombea dua. Kwa sauti yake ile ya msikitini, taratibu, Kiarabu chote, mpaka Amina. Akaniombea nifunguliwe moyo na ulimi, mbele ya mlango niliomfungia. Duara lilikaa la manjano wakati wote huo. Kisha nikasikia kitu kinawekwa chini, na hatua zinateremka.

Nilipomaliza na kamera kuzimwa, nilifungua mlango nikaikuta chupa kando ya akala zangu, na mahamri yamefungwa katika kitambaa chako cha maua. Nikajua ni kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ninywe. Nikajua mlimwandikia maalimu jina langu, na kwamba Baba Mkubwa alisafiri nalo ninywe kabla ya kuanza, na njiani gari likamchelewesha. Nilishuka mbio bila viatu. Mama Wambui alikuwa amekalia ngazi, mboga zote zimemwagika.

"Zuu, nimekukosea. Nilimdanganya mzee wa watu, akaniangalia tu. Hakuniambia kitu. Angenitusi ningesikia afadhali."

Ochieng akasema, "Mzee wa kanzu? Nilimpatia kiti, akakataa. Nikampatia soda, akakataa. Aliuliza tu njia ya kurudi stage."

Nilikwenda mpaka stage ya matatu, sikumwona. Simu yake ilikuwa imezimwa, na mpaka leo nadhani ameizima kwangu tu.

Jioni ile ukapiga. Nakumbuka ulivyosema: "Nani kakufunza kunyamazia salamu?" Nikasema, "Mama, ngoja nikueleze." Ukasema, "Kaka wa baba yako karudi bila hata maji ya kunywa, kakaa barazani hataki kuvua kanzu, kisha unataka kunieleza?" Ukakata. Nilikaa na simu mkononi. Nikajiambia, hata kama nimeharibu huko nyumbani, angalau mtihani umepona. Naona haya kukiri kwamba nilijifariji hivyo, lakini nilijifariji hivyo.

Ijumaa chuo kikaniletea ujumbe. Wanasema wakati wa mtihani wangu imesikika sauti ya mwanamume ikinitaja jina, kisha ikizungumza kwa muda mrefu kwa lugha ambayo mkaguzi haifahamu. Wanashuku kulikuwa na mtu chumbani akinisomea majibu. Matokeo yangu yamezuiwa. Nimeitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na nikionekana na hatia nafukuzwa chuo, na yote niliyosoma tangu nianze hayahesabiwi.

Ni ile dua, mama. Majibu wanayosema nilisomewa ni dua ya Baba Mkubwa.

Niliwapigia jana. Aliyepokea ni mwanamke mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Una shahidi?" Nikamtaja Mama Wambui. Akauliza Mama Wambui alikuwa akifanya nini mlangoni kwangu. Sikutaka kuanza kudanganya, nikamwambia alikuwa akiwaambia watu kwamba siko. Hapo akasema, "Dada, huyo usimlete." Akasema anayefaa ni mwenye sauti yenyewe. Azungumze na kamati kwa simu ya picha, waisikie sauti yake waifananishe, awasomee dua ile ile, awaambie alisimama wapi, kama mlango ulifunguliwa, na kama nilimjibu.

Mama, najua ninachoomba. Namwomba mtu mzima aketi mbele ya watu asiowajua na kuwaambia kwamba mtoto aliyemlea alimsikia akibisha, akamwacha nje, hakumrudishia hata salamu. Jambo ambalo angetaka lisahauliwe ndilo ninalotaka aliseme kwa sauti. Hakuna maneno mengine yatakayoniokoa. Nikisema mimi, ni utetezi. Akisema yeye, ni aibu yake, na ndiyo maana wataamini.

Kwa hiyo nakuomba uende kwake, usimwite kwako. Nenda baada ya Alasiri, anapokuwa ametulia. Usianze na habari za kamati. Peleka radhi kwanza, mwambie nimekosa, na uiache hapo mpaka asubuhi. Kisha rudi kesho yake na hili la pili. Nisingependa adhani naomba radhi kwa sababu namhitaji. Akikataa la pili, usimsihi, na radhi ibaki pale pale. Nitakwenda mbele ya kamati peke yangu, niseme kilichotokea, na watakaloamua nitalipokea.

Chupa ya kombe iko hapa dirishani. Zafarani imeshuka, imekaa chini kama vumbi la manjano. Sijainywa. Ilikuwa ya mtihani na mtihani umepita, na siwezi kuinywa kabla hajaniambia mwenyewe, "Kunywa." Mahamri tulikula na Mama Wambui na vijana wa sufuria. Ochieng alisema hajawahi kula kitu kama hicho, kisha akakumbuka yalivyofika hapa, akakirudisha kipande kitambaani.

Picha ya baba nimeirudisha ukutani. Kalenda bado.

Msalimie Bibi, umwambie leso yake ndiyo iliyofunika kioo na nitaifua kabla sijairudisha. Msalimie mdogo wangu Juma, asiendeshe bodaboda usiku bila taa. Msalimie Shangazi Mwanasha, ambaye najua amekwisha kusikia yote na amesimulia zaidi ya alivyosikia. Na maalimu aliyeandika kombe, mwambie limefika.

Kwa Baba Mkubwa situmi salamu. Yeye ndiye aliyeanza kunisalimu, na anachonidai ni jibu. Tafadhali mpelekee kama lilivyo, usipunguze neno: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Karibu baba. Pita ndani.

Mimi mwanao, niliyekuwamo,
Zuhura