Albatrosi Niliyempakata

Mjukuu wangu Somoe,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mkunya hatujambo, mikorosho imetoa maua, na baba yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama kweli nilimwona albatrosi, yule ndege wa bahari ya kusini ambaye mwalimu wenu huko Kepu Taun anasema anakaribia kutoweka.

Nilimwona. Nilikuwa baharia kijana kwenye meli ya kuvua jodari. Alifuata chambo chetu, ndoana ikamnasa mdomoni. Nilimpakata huku mwenzangu akiikata ndoana kwa koleo. Alikuwa mzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Baba yako alikuwa na umri huohuo, na sikuwa nimewahi kumbeba.

“Mwachie,” mwenzangu akasema. “Mwenzake anaatamia kisiwani.”

Nilimwachia. Akakunjua mabawa marefu kuliko kitanda changu, akaondoka. Nilimtazama mpaka akapotea.

Bandari iliyofuata niliomba kushuka. Nilipofika nyumbani, bibi yako hakuniuliza nimeleta nini, alinipa mtoto. Baba yako alinililia kama mgeni, nami sikumwachia.

Bibi yako, Mungu amrehemu, alinitania kwa hilo hadi uzeeni. Siku hizi natamani anitanie tena.

Babu yako,
Hamisi