Breki Aliyoikaza Marehemu

Mpendwa Shangazi Mshauri,

Shikamoo. Naomba uniokoe kabla sijavunjika mguu au ndoa, sijui kipi kitatangulia, maana tangu Fundi Spana atutoke mimi sina raha, chakula hakipiti, usingizi wa kuibia, na nyumbani kwangu nimegeuzwa kichekesho.

Labda hukuwahi kumjua Fundi Spana, basi pole kwa hasara hiyo. Alikuwa fundi wa baiskeli wa mtaa mzima, kibanda chake kiko pale kona, mkabala na duka la magodoro, na sisi wote tunaokula kwa kukanyaga pedali, mimi msambaza mikate, mpeleka magazeti, muuza mayai na wengineo, tulikuwa mikononi mwake. Ukimpelekea baiskeli hakusalimu. Alilipiga tandiko kofi, akakutazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Ulikuwa wapi siku zote hizi?" Halafu anakutukana kidogo kwa sababu mnyororo umekauka, halafu anatengeneza, na gurudumu likitoka pale, Shangazi, unalizungusha ukilikodolea macho na halichezi hata chembe. Mkewe, yaani shemeji yetu, alikuwa akikaa nyuma yake kwenye kigoda, gurudumu mapajani, akimshikia spoki.

Basi alipofariki tukaunda kamati ya maombolezo, na mimi bila kuomba nikachaguliwa mwenyekiti, yaani niliomba kidogo tu. Tukafunga vitambaa vyeusi kwenye usukani, tukakubaliana kila anayepita kibandani apige kengele, na tukapitisha kwamba nati yoyote aliyoikaza marehemu kwa mkono wake isiguswe na mtu mwingine, hiyo ndiyo iwe kumbukumbu yetu. Mikono yote ilinyooshwa, wengine huku wanalia. Sasa mpeleka magazeti mnyororo umemkatikia, anaibeba baiskeli begani, na habari za asubuhi zinatufikia jioni tukiwa tumeshaambiwa na majirani. Muuza mayai rimu yake imepinda, ukinunua kwake unapata mayai ambayo hayahitaji kukorogwa. Lakini tumesimama imara.

Mimi yangu ni breki. Fundi aliikaza siku chache kabla hajaugua, na sasa mipira yake imelika yote, kwa hiyo nasimama kwa kuisugua kandambili kwenye tairi. Juzi nilikuwa na binti yangu kwenye keria, nampeleka shule, tunateremka ule mteremko wetu, kandambili ikakatika, tukaingia moja kwa moja dukani kwa magodoro. Mungu ni mkubwa, yule jirani angekuwa anauza vioo leo barua hii angekuandikia mtu mwingine. Binti akajipangusa, akaniambia, "Baba, mimi natembea," na tangu hapo anatembea kweli, anatoka na mama yake giza halijaisha vizuri, na huyo mama yake hanisemeshi ila kwa kejeli. Jana kaniuliza, "Na mimi nikifa, hilo shati nililokushonea kifungo utalivaa mpaka likuozee mwilini?" Je, Shangazi, hayo ni maneno ya mke?

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni shemeji. Udongo wa kaburi haujakauka, yule mwanamke amefungua kibanda! Amevaa aproni ya marehemu, ameshika spana ile ile ya marehemu, anasubiri wateja. Spana ambayo kamati ilishapanga kuitia kwenye fremu ya kioo! Tulimwendea kwa adabu zote, tukamwomba atukabidhi vifaa kwa ajili ya kumbukumbu, naye akatuuliza, "Na mimi na wanangu tule kioo?" Tukasema huo ni uchungu wa msiba, tukamsamehe, tukaondoka. Hakuna anayempelekea baiskeli, msimamo wetu ni mmoja, lakini kila asubuhi anafungua, anakaa, anaifuta spana, jioni anafunga. Inatuumiza mno kumwona hivyo. Ijumaa nimetumwa nikamsomee azimio la kumtaka afunge moja kwa moja.

Naomba unishauri, nitumie maneno gani ili shemeji asiudhike, na mke wangu nimweleweshe vipi maana ya uaminifu?

Ni mimi,
Mwenyekiti Mwenye Majonzi

*

Marahaba, Mwenyekiti.

Kwanza pole. Nasema kwa moyo, maana mtu anayekutukana na bado unamrudia kwa furaha si rahisi kumpata mwingine. Pole umeshaipata. Sasa weka uenyekiti chini tuongee kama watu wazima.

Hongereni sana kamati. Nimehudhuria misiba mingi, lakini sijawahi kuona wafiwa wanaompenda marehemu kiasi cha kumlaza mjane wake na njaa. Wenzenu hupeleka msibani chakula. Ninyi mmepeleka kengele. Mnapita mlangoni kwake kring-kring, mnafuta machozi, mnaendelea na safari, yeye na wanawe wanabaki wanasikiliza. Bila shaka wanashiba. Halafu unaniandikia kwamba inakuumiza kumwona amekaa bila kazi. Na aliyemnyima kazi ni nani, mdogo wangu? Mvua?

Hapo penye "akimshikia spoki" ilibidi nivue miwani, niifute, nisome upya. Mwanamke amekaa na gurudumu mapajani miaka yote hiyo, wewe umesimama pale pale unasubiri baiskeli yako, na hukuwahi kujiuliza spoki inashikiwa nini? Spoki si mbuzi, kwamba mmoja ashike na mwingine akamue. Mumewe alikuwa anakaza breki na kutukana wateja. Magurudumu mnayoyalilia yalikuwa yananyooshwa nyuma yake, kwenye kigoda. Nusu ya marehemu wenu yuko hai, amevaa aproni, na mmemsusia! Mlichobakiza ni kumnyang'anya spana, mkaifungie kwenye kioo, mkapige nayo picha.

Tuje kwenye breki yako takatifu. Mtu aliyepandisha sauti kwa sababu ya mnyororo mkavu, unadhani angekuambia nini akikuona unasimamisha baiskeli kwa kandambili, mtoto kwenye keria? Angekukimbiza na pampu. Breki ile aliikaza ili binti yako afike shule mzima, na hicho tu ndicho alichokukabidhi. Wewe umetunza nati, ukamtupa mtoto kwenye magodoro. Huyo mtoto ana akili kukuzidi, na ameshakuacha kwa heshima, bila hata kuunda kamati. Ikishatengenezwa usimbembeleze. Mpe aibonyeze breki mwenyewe, aamue mwenyewe. Asipotaka kupanda, kokota baiskeli, tembea naye mpaka shule, kesho yake hivyo hivyo, mpaka akuamini tena. Kuhusu mama yake, sina la kumwelewesha. Mpe salamu zangu, na umwambie siku nikichoka kazi hii gazeti litamtafuta.

Sasa nisikilize vizuri. Azimio lako lichane vipande vidogo, ukawashie jiko. Ijumaa utakwenda kibandani kama ulivyotumwa, lakini nenda na baiskeli, mchana kweupe, mtaa mzima ukuone, maana mwenyekiti aliyewaingiza wenzake shimoni ndiye wa kwanza kutoka. Usiipande, ikokote, tumeshazungumza habari ya mteremko. Mchukue mpeleka magazeti, naye apumzishe bega. Mchukue muuza mayai kabla hajamaliza kuku wa watu. Mkifika msihutubie. Msitaje fremu, msitaje kamati, na asitokee mjanja wa kuomba bei ya msiba. Simamisha baiskeli mbele yake useme, "Shemeji, naomba unitengenezee breki." Kisha nyamaza, kazi ambayo naona itakuwa ngumu kwako kuliko zote.

Ataweka chini kitambaa cha kufutia spana. Atalipiga tandiko kofi, atakutazama kuanzia juu mpaka chini, na atakuuliza ulikuwa wapi siku zote hizi. Hapo utalia, Mwenyekiti, na safari hii utakuwa na sababu. Lia tu, lakini sogea pembeni, usimzibie mwanga. Mwenzio yuko kazini.

Shangazi