Kwa Baba, Kinyozi Aliyetusomea Gemu

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka kabla chai yako haijapoa. Sote tu wazima. Mkeo goti linamsumbua kipupwe hiki lakini hataki liitwe gonjwa. Kuna habari moja kubwa ambayo ni lazima uipate, ila wewe hukupenda habari iletwe moja kwa moja kama ankara ya maji, kwa hiyo tutaizungusha kidogo.

Kwa wale wanaosoma hapa na hawakukujua: ulikuwa kinyozi wa pale konani, kiti kimoja, benchi moja, kioo chenye ufa uliozibwa kwa picha ya timu ambayo haikuwahi kushinda kombe. Mteja akikuambia ana haraka, ulimjibu kwamba kichwa hakina spea. Mtoto akiiogopa mashine, uliipitisha kwanza kwenye mkono wako mwenyewe aone kwamba haiumi. Ndiyo maana mkono wako wa kushoto haukuwa na unywele hata mmoja, na wageni walidhani una ugonjwa wa ngozi. Mgonjwa asiyeweza kutoka ndani ulimfuata kitandani kwake na taulo yako begani, na hukutaka jambo hilo lisemwe. Leo tunalisema, utatuwia radhi.

Gemu ile ya mkononi aliisahau msafiri mmoja aliyenyolewa akaondoka, asirudi tena. Uliiweka kwenye rafu karibu na kopo la poda ukisema ni mali ya mtu. Ikakaa hapo mpaka vumbi likaizoea. Siku moja ukaiwasha, kwa maelezo yako, ili kuhakikisha haijafa, na tangu siku hiyo mwenyewe hata angerudi hatujui ungemwambia nini.

Ndani yake mlikuwa na kijana mmoja mdogo mwenye upanga na taa, anapita msituni na mapangoni akikusanya kengele saba, na mlimani kuna joka linalomngoja. Wewe ulimwita Mpangaji, kwa sababu aliingia nyumba ya kila mtu, akavunja vyungu, akalala, akaondoka bila kulipa. Utaratibu wa benchi ulijipanga wenyewe: anayesubiri zamu ndiye anayecheza, na akiitwa kitini ni lazima kwanza amlaze Mpangaji kwenye nyumba ya wageni, maana hapo ndipo gemu ilipohifadhi safari. "Mlaze kwanza!" ulifoka, wembe mkononi. Aliyekwenda kitini akamwacha Mpangaji katikati ya popo alinyolewa kimya kimya, bila hadithi, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu.

Maana tatizo lilikuwa moja. Maandishi yote ya gemu ile yalikuwa ya herufi ambazo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuziona, kama kuku wamepita kwenye unga. Basi anayecheza akikutana na mtu wa kuzungumza naye, alikuletea wewe.

"Mzee, huyu bibi wa darajani anasemaje?"

Ulizima mashine, ukashusha miwani, ukaisogeza gemu mbali na uso. "Anasema, 'Wewe mkwe, umepita hapa mara ngapi bila hodi? Binti yangu nilikupa ana mashavu, angalia sasa!'"

"Kumbe ni mama mkwe wake?"

"Kwani humwoni alivyosimama?"

Fundi cherehani wa duka la mkabala, ambaye alikuja kunyolewa kila alipochoka kushona, hakukubali kirahisi. "Mbona jana ulisoma anamtafuta mbuzi wake?"

"Jana alikuwa hajamtambua. Macho ya wazee."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako, Baba, ilikwenda miaka na miaka, ikapita msitu, ikapita mapango, na hukupotea hata siku moja.

Aliyekuamini kuliko wote ni kitinda mimba wako. Akitoka shule alikaa juu ya kreti kando ya kiti, sare bado mwilini, nywele za wateja zikimwangukia kwenye daftari. Aliwaambia wenzake darasani kwamba baba yake anaijua ile lugha. Alipoingia sekondari, akaanza kutia shaka, akakuuliza uliisomea wapi. "Vichwani mwa watu, mwanangu," ukamwambia. "Nimevipitia vingi."

Joka ndilo lililotushinda. Pale chini ya mlima palikuwa na ubao wenye maandishi, ukausoma mbele ya benchi zima: "Kichwa ndicho cha kushughulikia." Basi kila mtu akakishughulikia kichwa. Makuli wakakishughulikia, walimu wakakishughulikia, kondakta mmoja akakishughulikia mpaka akapitwa na zamu yake, na joka likawachoma wote. Kitinda mimba alilia machozi ya kweli. Ukamwambia asilie, joka lina siku yake, na siku hiyo wewe mwenyewe utamsomea mwisho. Alikuomba umdokezee tu. "Sirukii kurasa," ukasema.

Halafu simu zikaja, kila mtu kwenye benchi akainamia ya kwake, na gemu ikaingia kwenye droo ya nyembe zilizochakaa. Kitinda mimba akapata kazi kwenye duka la miwani, ambako huwaonyesha watu herufi ukutani siku nzima na kuwakamata wanaozikariri kwenye foleni. Kila alipokuja nyumbani alisema, "Baba, tutalimaliza lile joka." Ukasema hakuna haraka. Hilo ndilo la mwisho mlilokubaliana.

Tulipokwenda kuondoa vitu vyako dukani, kifungua mimba wako, dereva wa lori, alibeba kiti peke yake, na kitinda mimba akachukua droo. Alitia betri mpya, gemu ikalia kidogo, ikawaka. Mpangaji alikuwa bado amelala nyumba ya wageni chini ya mlima. Hatujui nani alimlaza. Lakini kengele zake zote saba zilikuwepo, na kila moja ilikuwa na mkono wa mtu wa benchi lile, na wako.

Sauti ilikuwa inakatika, kwa hiyo akaipeleka kwa fundi simu. Fundi alifungua kaseti ya gemu akamwonyesha kibetri kidogo ndani, kama kifungo cha shati. Hicho ndicho kilichoshika kumbukumbu miaka yote. "Kimechoka, dada. Kinaweza kufa kesho, kinaweza kufa mwakani. Nikikibadilisha, kila kitu kinafutika, unaanza moja."

Hapo moyo wake ukashtuka. Wengine tulidhani anataka kumpiga joka tu, ukubwani, kama mtu anayerudia mtihani. Alichotaka ni ule mwisho uliomwahidi. Akawa na kaseti inayokata roho na msomaji aliyekwisha kwenda.

Akaanza kucheza baada ya kazi, dirishani, maana kioo cha gemu ile hakina mwanga wake. Alikuja kutuambia kwamba imepungua. Msitu uliokuwa unamaliza wiki nzima ya wateja ulikuwa hatua chache na miti inayofanana. Mto ambao yule kondakta aliogopa kuuvuka ni upana wa kidole. Kitu kilichobaki na ukubwa wake kilikuwa joka. Alikwenda, akakishughulikia kichwa, akachomwa. Akarudi tena, akachomwa tena.

Mwishowe akafanya ambalo hakuna aliyeweza kulifanya zamani zile. Akaelekeza kamera ya simu kwenye kioo, simu ikamsomea. Alianza na bibi wa darajani. Bibi hamjui mtu, Baba. Bibi anasema: bonyeza kitufe cha kulia ili kuruka. Muuza dawa, ambaye ulisoma kwamba anadai mahari, anasema leo hakuna dawa. Alipofika kwenye ubao wa mlimani, simu ikasema: "Piga mkia."

Mkia! Mtaa mzima ulichomwa miaka yote ile kwa sababu kinyozi, akiulizwa, atasema nini kingine zaidi ya kichwa?

Alikasirika, tukuambie ukweli. Alikasirika nawe ukiwa hupo kujitetea, na hilo likamuuma zaidi. Akaenda kwa mkeo akiwa na gemu mkononi.

"Mama, ulijua kwamba Baba alikuwa hajui kusoma haya?"

Mkeo alikuwa anachagua mchele. Hakuinua hata kichwa. "Nani hakujua?"

"Benchi zima?"

"We mtoto. Fundi cherehani ana upara tangu ujana wake. Ulidhani pale alikuwa anafuata nini?"

Kitinda mimba alikaa chini pale pale jikoni. Alicheka, halafu akalia, halafu mkeo akampa nusu ya mchele achague.

Tukakutana nyumbani Jumapili, mchana, sote. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa. Fundi cherehani aliitwa, akaja na upara wake akakaa mbele. Kitinda mimba akamwamsha Mpangaji, akampandisha mlimani, akaupiga mkia. Joka likageuka kwa hasira, akazunguka, akaupiga tena. Kifungua mimba wako, mtu mzima mwenye lori na watoto, alisimama juu ya sofa la mkeo na viatu vyake. Likaanguka, Baba. Lile joka likaanguka likawa moshi, na kengele saba zikalia mfululizo kwenye kale ka-spika kabovu.

Kisha kioo kikawa cheupe na maandishi yakaanza kupanda, mstari juu ya mstari.

Tukamtazama yeye. Aliisogeza gemu mbali na uso kama ulivyofanya wewe. Akaishusha tena.

"Lete simu isome," kaka yake akasema, tayari anaitoa mfukoni. "Yanapita hayo."

"Sitaki ya simu."

"Basi soma mwenyewe."

"Siwezi. Sijui alitaka kusema nini." Hilo alilisema kwa sauti ndogo sana.

Mkeo alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Yeye hakuwahi kuigusa gemu ile tangu ije duniani, alikuwa akiiita mke mwenza. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaichukua, akaigeuza kuelekea dirishani. Akaitazama kwa muda. Fundi cherehani akaacha kutafuna kijiti chake.

"Anasema amefika salama," mkeo akasoma. "Tule, tusimsubiri."

Maandishi yaliendelea kupanda, yakapanda, mpaka kifungua mimba wako uvumilivu ukamwishia.

"Mama, mistari yote hiyo, maneno ndiyo hayo tu?"

"Aliyekuwa anarefusha ni baba yenu."

Tulicheka, Baba, na mkeo katikati ya kicheko akajifunika uso kwa kanga, kitinda mimba akamshika, na tukawaacha hivyo kwa muda wao. Chakula tulikila kimepoa. Siku chache baadaye kitinda mimba alirudi kwa fundi simu, akamwambia abadilishe kile kibetri. Fundi akamkumbusha kwamba kila kitu kitafutika. Akasema anajua, afungue tu.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anakuwekea kikombe kwa mazoea na kukirudisha kabatini. Na kifungua mimba wako na mkewe. Na kitinda mimba wako wa duka la miwani. Na wajukuu zako, ambao wameshaanza kugombea zamu. Na fundi cherehani, ambaye siku hizi hana pa kwenda akichoka kushona. Na wote waliowahi kukaa kwenye benchi lako.

Hutatutoka moyoni, Baba, siku zote za maisha yetu.